Laptopu ikipata kigugumizi, usinunue spika kabla hujaangalia antivairasi

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha bidhaa. Naongelea sauti. Kama unauza mtandaoni na unatumia laptopu kurekodi matangazo, kupiga simu za WhatsApp au kwenda laivu, kaa hapa dakika chache, maana hili jambo lilinila hela na likanila mteja.

Mimi niko Utete, Rufiji. Nina kibanda cha steshenari: naprinti, natoa kopi, nauza kalamu na madaftari. Pembeni nauza mikeka na vikapu vya ukili kwa njia ya mtandao, wateja wangu wengi wako Dar. Simu za wateja napokelea kwenye laptopu kwa sababu simu yangu ya mkononi ndiyo inayoingiza meseji za malipo, sitaki ishikwe na maongezi. Kompyuta sijasomea popote. Nimemaliza kidato cha nne, mengine nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

Sasa ikawa hivi. Mama mmoja wa Mbagala alikuwa na harusi ya binti yake, akataka mikeka 25. Picha ameziona, bei tumekubaliana, amebakiza kutuma advansi. Akasema, "Mwanangu, nipigie kwanza tuongee, hela yangu siitumi kwa mtu sijamsikia." Nikapiga kwa laptopu. Nikimwambia "Shikamoo mama", yeye anasikia "Shi-shi-krr-mama". Yeye akiongea, mimi nasikia vipande vipande, kama redio iliyoingia maji. Nikakata, nikapiga tena, ni vilevile. Mara ya tatu akaniambia, "Mwanangu, hii sauti yako kama ya wale matapeli wanaojificha. Ngoja nitafute mtu wa huku huku." Oda ikaondoka. Laki tatu na nusu, hivi hivi.

Simlaumu yule mama. Sisi tunaouza mtandaoni mteja hatuoni, hagusi mkeka, hajui duka letu liko wapi. Kitu pekee anachoweza kutupimia ni picha na sauti. Picha kila mtu anaweza kuiba. Inabaki sauti. Sauti ikipata kigugumizi, na uaminifu wako unapata kigugumizi.

Kwanza nililaumu mtandao

Watu wa Pwani kulaumu mtandao tuna sababu. Mei 12, 2024 si mnakumbuka? Kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja, intaneti ikayumba Tanzania na nchi za jirani. Tangu hapo kitu chochote kikikwama tunasema "mtandao huo". Na mimi nikasema hivyo hivyo. Nikabadilisha laini, nikanunua bando kubwa. Kigugumizi kikabaki palepale.

Halafu siku moja nikaweka kaswida iliyo ndani ya laptopu yenyewe, bando nimezima kabisa. Nayo inakatakata! Hapo ndipo nikajua mtandao nimeusingizia. Faili liko ndani ya mashine, halipiti kwenye mnara wowote.

Basi nikasema spika zimekufa. Nikafunga safari: Utete hadi Nyamwage, daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, mpaka Dar. Fundi akaifungua, akasikiliza kidogo, akasema, "Dada, spika hizi zimechoka." Nikalipa 45,000 spika mpya zikawekwa. Pale kwake iliimba vizuri dakika mbili tatu. Nimerudi Utete, kesho yake asubuhi duka limejaa wanafunzi, krr krr imerudi. Hesabu mwenyewe nauli, chakula, na siku nzima duka limefungwa.

Flashi ya mwanafunzi ndiyo iliyonifumbua macho

Kaswida inaimba, mwanafunzi kaja kuprinti, kanipa flashi, nimechomeka. Papo hapo sauti ikaanza kukatika. Nikachomoa, baada ya muda ikatulia. Akaja mwingine, nimechomeka, ikakatika tena. Nikaangalia kioo vizuri: chini kulia vimetokea vidirisha viwili, kila kimoja kinasema kinakagua flashi. Viwili! Antivairasi mbili tofauti.

Moja ilikuja na laptopu nilipoinunua yustudi, ile ya majaribio. Ya pili aliniwekea rafiki yangu baada ya flashi za wanafunzi kuniletea virusi. Alinisaidia kwa nia njema, na mimi nikafurahi, nikajiona nina ulinzi mara mbili. Kumbe nimeweka walinzi wawili geti moja, na kila mmoja anamkagua mwenzake na kila mgeni anakaguliwa mara mbili. Foleni lazima iwepo.

Kwa nini antivairasi inakata sauti na si kitu kingine

Nilikuja kuelewa hivi. Laptopu haitoi sauti kama maji ya bomba. Inaipeleka kwa vipande vidogo vidogo. Kwenye Windows kipande kimoja kwa kawaida ni kama milisekunde 10, maana yake sekunde moja ina vipande kama 100. Kila kipande lazima kifike kwa wakati. Kikichelewa, spika haina cha kutoa, inatoa ukimya au mkwaruzo. Hiyo ndiyo krr.

Picha ya video ikichelewa kidogo jicho linasamehe. Sikio halisamehi.

Antivairasi nayo haikai juu juu kama programu ya kuandikia barua. Inakaa ndani kabisa ya Windows, kwenye kiini chake, ili kila faili likifunguliwa ilione kwanza. Kazi hiyo ikichukua muda mrefu, sauti inasubiri. Zikiwa mbili, au ikiwa moja lakini inafanya ukaguzi mkubwa huku laptopu ni ya zamani yenye diski ya kuzunguka, sauti inasubiri zaidi.

Kama unadhani natia chumvi kuhusu hiyo nguvu ya kukaa ndani, kumbuka Julai 19, 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma sasisho moja lenye kosa, na kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani zikazima na kutoa kioo cha bluu. Safari za ndege zikafutwa, benki zikakwama. Hawakuwa wahalifu, walikuwa walinzi. Sasa kama mlinzi anaweza kuzima uwanja wa ndege, kukata kaswida kwenye kibanda cha Utete ni kitu kidogo.

Kosa langu la pili, kubwa kuliko la kwanza

Hapa nataka tusikilizane, maana ndipo wengi tunapoteleza. Nilipojua antivairasi ndiyo chanzo, nilikasirika. Nikaondoa zote mbili. Halafu nikafuata video moja, nikazima mpaka ulinzi wa Windows wenyewe, usiwake tena. Sauti ikawa safi kama maji ya kisima. Nikajisifu.

Haikupita wiki. Mwalimu mmoja mteja wangu wa siku nyingi akarudi na flashi yake, kakunja uso. Mafolda yake yote ya mitihani yamegeuka vile vialama vya njia ya mkato, ukibofya hamna kitu. Aliichomeka kwangu tu. Kumbe flashi ya mtu mwingine ilileta kirusi, laptopu yangu ikakihifadhi, na kila aliyekuja kuprinti akaondoka nacho. Mafaili hayakufutika, yalifichwa tu, nikayarudisha kwa kazi ya usiku mzima. Lakini aibu ile sitaisahau. Mwalimu aliniambia, "Binti, mimi nakuamini wewe, ndiyo maana siendi kwingine." Sikuwa na la kujibu.

Na wewe usiyeprinti usijione uko salama. Kwenye laptopu yako kuna majina ya wateja, namba za simu, anapokaa nani, nani ananunua nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za mteja ni amana. Ukizima ulinzi ili usikie muziki vizuri, umeuza amana ya watu.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu, na nausema bila kupepesa macho: wafanyabiashara wadogo tunakosea pande mbili. Tukiogopa, tunarundika antivairasi. Zikitusumbua, tunazitupa zote. Dawa ni mlinzi mmoja, aliye hai, aliyepangiwa saa za kazi. Na dawa hiyo haina gharama.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu

1. Zima intaneti, cheza wimbo ulio ndani ya laptopu. Ukiimba vizuri, shida yako ni mtandao, usiendelee na hatua nyingine. Ukikatika, mtandao hauna kosa.

2. Chomeka hedifoni za waya. Usitumie za Bluetooth kwa kipimo hiki, zenyewe zina matatizo yake. Kama kwenye hedifoni nako inakatika vilevile, spika zako ni nzima. Hapo mimi ningeokoa 45,000 yangu.

3. Chomeka chaji na uzime hali ya kubana betri. Laptopu inayobana umeme inapunguza nguvu, na sauti inaweza kukatika kwa sababu hiyo tu.

4. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka "Task Manager". Bofya neno "CPU", kisha "Disk", uone nani anakula zaidi wakati sauti inakatika. Ukiona "Antimalware Service Executable", huyo ni ulinzi wa Windows wenyewe. Ukiona jina la antivairasi nyingine, umempata wa kumuuliza.

5. Hesabu walinzi wako. Andika "Windows Security" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, nenda "Settings", kisha "Manage providers". Utaona orodha ya antivairasi zilizojiandikisha. Wengi mtashtuka.

6. Sasa kipimo chenyewe. Intaneti iwe imezimwa, flashi zote zimetolewa. Simamisha antivairasi kwa dakika 5 tu: bofya kulia alama yake karibu na saa, chagua kusimamisha kwa muda. Kama ni ya Windows, ingia "Virus & threat protection", "Manage settings", zima "Real-time protection". Cheza wimbo uleule. Ukitulia, mkosaji umemshika. Ukizidi kukatika, si yeye. Kwa vyovyote vile, iwashe tena kabla hujafanya kitu kingine.

Kama umeshapima na hujaridhika, kuna programu inaitwa LatencyMon, ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Unaiacha dakika kadhaa huku wimbo unaimba, halafu inakuonyesha draiva gani inachelewesha sauti. Ipakue kwa watengenezaji wenyewe, Resplendence, usichukue kwenye flashi ya jamaa. Ikitaja draiva ya Wi-Fi au ya kadi ya picha, basi antivairasi haina kosa, sasisha hiyo draiva.

Ukishamjua, usimuue. Mpange.

Kama ziko mbili, chagua moja. Nyingine iondoe kwenye "Settings", "Apps". Zima laptopu uwashe upya. Antivairasi nyingi zikiondolewa zinaacha mabaki ndani, na mabaki yanaendelea kukata sauti, ukadhani umekosea. Kampuni kubwa za antivairasi zina kifaa chao maalumu cha kusafisha mabaki, kinatolewa bure kwenye tovuti zao. Kitumie.

Kwa wengi wetu ulinzi uliokuja na Windows unatosha. Hauombi leseni kila mwaka. Ukiweka antivairasi nyingine, wenyewe unakaa pembeni. Ukiiondoa hiyo nyingine, unarudi kazini. Ila nenda ukahakikishe umerudi, usidhanie. Antivairasi za kuvunja leseni ndiyo usiziguse kabisa. Ile ni sawa na kumpa mwizi funguo umlipe na posho.

Badilisha saa ya ukaguzi mkubwa. Usiuache uanguke saa nne asubuhi wakati wateja wamejaa. Kwa ulinzi wa Windows fungua "Task Scheduler", ingia "Microsoft", "Windows", "Windows Defender", bofya mara mbili "Windows Defender Scheduled Scan", kisha "Triggers", weka saa unayotaka. Mimi nimeweka saa saba na nusu mchana, Jumatatu na Alhamisi, nikiwa nakula na laptopu iko kwenye chaji. Chagua saa ambayo laptopu imewashwa lakini wewe hufanyi kazi. Ukiweka usiku wa manane na laptopu imezimwa, umejidanganya.

Kama unarekodi matangazo, tengeneza folda moja ya rekodi zako mwenyewe, uiweke kwenye "Exclusions" ili isikaguliwe kila sekunde unaporekodi. Folda moja tu! Usiweke folda ya vitu ulivyopakua, usiweke flashi, usiweke diski nzima. Hapo utakuwa umefungua mlango wa nyuma.

Halafu kama una flashi za wateja kama mimi, usichomeke ukiwa laivu au kwenye simu na mteja. Mwambie, "Kaka, nipe dakika tano." Watu wanaelewa. Antivairasi iache ikague flashi kwa raha zake, hiyo ndiyo kazi tuliyoiajiri.

Mwisho, sasisha Windows. Wenye Windows 10, Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025. Kama mashine yako inaikubali Windows 11, panga kuhamia. Kama haiikubali, ongeza uangalifu na ujue umri wake umefika.

Kuhusu mafundi

Kuna mtu atasema, "Wewe dada ni muuza mikeka, fundi anajua kuliko wewe." Ni kweli anajua. Na mimi siwasemi vibaya mafundi, wengi ndio wametubeba. Lakini fundi anaiona laptopu yako dakika kumi, mezani kwake, bila flashi za wanafunzi, bila ukaguzi wa asubuhi. Wewe unaiona kila siku. Unajua inakatika saa ngapi na ukifanya nini. Mpelekee hiyo taarifa, usimpelekee mashine tu na neno "imeharibika".

Na kabla hujalipa muulize maswali mawili, kwa heshima: "Fundi, umejaribu kusimamisha antivairasi ukasikiliza?" na "Tukibadilisha hiki kifaa na tatizo likabaki, tunafanyaje?" Fundi mzuri hatakasirika. Akikasirika, chukua laptopu yako.

Kama vipimo vyote hapo juu vimeonyesha spika ndiyo mbovu, basi nenda kabadilishe kwa moyo mweupe. Na kama una akiba kidogo na laptopu yako ina diski ya zamani ya kuzunguka, mimi ningeanza na SSD kabla ya spika. Hiyo inasaidia sauti, kuprinti na kila kitu.

Mimi sasa hivi nina mlinzi mmoja. Kaswida inaimba mpaka duka la jirani. Yule mama wa Mbagala nilimtumia sauti niliyorekodi, nikamweleza kilichotokea bila kumuomba kitu. Alijibu tu, "Sawa mwanangu, nimekusikia vizuri leo." Mikeka ya harusi alishanunua kwingine, na hiyo imepita. Mwezi uliofuata akaagiza vikapu viwili. Vidogo. Nimevifunga vizuri kuliko oda yoyote niliyowahi kutuma.

Leo usiku ukifunga duka, fungua "Manage providers" uhesabu walinzi wako. Wakiwa wawili, unajua la kufanya. Asiyekuwa na hata mmoja ndiye aanze kwanza.